Aliniambia Nitenge Nyuzi za Plagini

Admin naomba ulifiche jina langu, mume wangu na wifi yangu wote wanasoma ukurasa huu.

Mimi ni mama wa miaka 23, niliishia darasa la saba, naishi Katubuka hapa Kigoma na mume wangu na mtoto wetu mmoja anayetambaa. Mume wangu ana kompyuta sebuleni anaiita seva. Akina mama wa Ilagala wanauzia dagaa humo, mteja anaagiza kwa simu, seva inapokea oda na kumtumia ujumbe. Alinifundisha kuiwasha na kuiangalia akisafiri. Jamani nilikuwa najivunia!

Wiki iliyopita kaenda Kasulu kumwona mama mkwe anaumwa. Huku nyuma seva ikaganda, akina mama wakaanza kunipigia. Nikampigia, kumbe yuko njiani kule Kidahwe, sauti inakatakata. Akasema, "Mama Neema, zitenge nyuzi za plagini, zisichanganyike na zingine. Nne zinatosha." Simu ikakata. Sasa mimi nyuzi za plagini nijue zipi zaidi ya waya zilizochomekwa kwenye plagi? Nikambeba mtoto mgongoni, nikapiga magoti nyuma ya meza, nikachomoa waya nne nikazihamishia kwenye ekstensheni nyingine. Seva ikazimika hapo hapo. Kuja kuiwasha, oda za siku ile zote hazipo, na dagaa wa watu walishafungwa kwenye magunia wakisubiri wateja.

Aliporudi ndipo akanieleza. Kumbe plagini ni kiprogramu cha kutuma ujumbe, na nyuzi ni kama vibarua ndani ya seva. Mtandao ukiwa mzito, vibarua wote wanasimama kusubiri ujumbe uende, anakosekana wa kupokea oda. Ndiyo maana plagini inatengewa vibarua wake, ikikwama ikwame peke yake. Nikamwambia, "Baba Neema, si ungesema vibarua tu, ningeelewa." Hakucheka. Wifi, aliyekuwa amekuja kututembelea, akadakia, "Kaka, na huyu mtengee nyuzi zake, jiko na mtoto, asitukwamishie wengine." Hapo ndipo akacheka.

Kile kicheko kimeniuma kuliko hata kugombezwa. Sasa kabadilisha neno la siri, mambo ya seva anaongea na dada yake. Nikiuliza ananijibu, "Wewe pumzika tu." Jana imeganda tena yeye hayupo, mama mmoja wa Ilagala ananipigia analia, "Mwanangu, nisaidie." Nimesimama mbele ya ile kompyuta, kwa mara ya kwanza najua inasubiri nini, na siwezi kugusa kitu.

Ndugu zangu, mume wangu si mtu mbaya na bado nampenda. Nimwambieje anirudishe kwenye kazi yake bila kuonekana namgombanisha na dada yake? Na kama yupo humu anayezijua hizo nyuzi, anielekeze polepole kwa Kiswahili. Neema akilala nitasoma yote.