Mzee Severini na Matone Chini ya Gari

Jumamosi ya kwanza ya Kwaresima iliyopita tulimpoteza Mzee Severini, mkuu wangu wa kwanza wa kazi. Niliposikia nilikuwa kibarazani kwangu, mtaa wa Lizaboni, nakunywa chai. Chai ile sikuimaliza. Yeye ndiye aliyenifundisha kuinama chini ya gari, na kwa kuwa hayupo tena, nitawaeleza mimi ninyi wenye leseni mpya, kwa kadiri ninavyojua. Shule yangu ni darasa la saba.

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kwenye karakana hapa Songea nimevaa shati jeupe, nikidhani dereva ni mtu wa kukaa tu. Severini alikuwa Mkuu wa Karakana, bado hajaitwa mzee. Aliniuliza kabila langu. Nikamwambia mimi Mpogoro, natoka Mahenge. Akapiga makofi, akawaita mafundi wote.

"Njooni muone! Mtumwa wangu amerudi mwenyewe! Babu zangu walimteka babu yake, wakamwacha njiani kwa sababu alikula sana."

Wangoni na Wapogoro ni watani, maneno kama hayo kwetu ni salamu. Nikamjibu, "Shikamoo, mkuu. Walimwacha kwa sababu alikuwa anawachelewesha, na wao walikuwa wanakimbia."

"Wanamkimbia nani?"

"Mama mkwe wao."

Mafundi walicheka mpaka mmoja akaangusha spana. Severini naye alicheka, kisha akaniambia nivue shati langu jeupe, akanipa kipande cha boksi kilichokunjuliwa.

Boksi lilikuwa sheria ya karakana ile. Jioni, kila gari likiegeshwa, dereva alitandika boksi chini ya injini na vipande vingine karibu na magurudumu. Asubuhi, kabla ya kugusa ufunguo, aliinama na kulisoma. "Gari ni mkubwa wako," Severini alituambia. "Unaanza kwa kumwinamia. Asipokujibu vizuri, hamsafiri."

Kulisoma si kugumu. Tone jeusi na zito ni oili ya injini. Jekundu mara nyingi ni oili ya giaboksi au ya usukani. Maji ya kijani au yenye kutu yametoka kwenye rejeta. Maji safi, kama gari lina kiyoyozi, yasikutishe, hayo ni jasho lake. Lakini ukiona unyevunyevu upande wa ndani wa tairi, unaoteleza kama sabuni, hayo ni mafuta ya breki. Hapo usijadiliane na mtu. Gari linabaki.

Baada ya kuinama ndipo unafungua boneti. Unachomoa stiki ya oili, unaifuta, unairudisha, unaichomoa tena. Alama ya kwanza ni ya uongo. Rejeta unaifungua ikiwa ya baridi tu. Tairi unazipapasa kwa kiganja, kwa sababu jicho huona upepo uliopungua lakini halioni msumari uliojificha. Ukimaliza, keti, kanyaga breki na uishikilie huku unahesabu kimya kimya. Pedali ikikaa imara, sawa. Ikizama taratibu kama mguu kwenye tope, shuka.

Kutoka hapo nilihamishiwa Mbinga, kumwendesha Afisa mmoja wa Kilimo. Milima ya kule mnaijua, barabara zake zinazunguka kama mtu aliyepoteza kitu. Bwana Afisa alikuwa mtu mwema lakini hakupenda kungoja. Kila asubuhi alinikuta chini ya tumbo la gari.

"Dereva, unamtafuta nani huko chini?"

"Nasikiliza habari, Bwana Afisa."

"Muulize basi kama tutafika leo."

Siku moja nilitoka na msumari mrefu kama kidole, niliokuwa nimeupapasa kwenye tairi la mbele. Akautazama, akautia mfukoni. Tangu siku ile alikuwa akitoka na chai yake anasimama kungoja, na wageni wake walipoharakisha aliwaambia, "Subirini. Dereva bado anasalimia." Kwake nilijifunza pia kushuka mlima kwa gia ile ile ambayo ningeupandia, ili breki zisichemke.

Niliporudi Songea, Severini alikuwa anastaafu, nami nikapewa madereva wapya niwafundishe. Baadaye nikastaafu mwenyewe. Kila Jumapili baada ya misa nilikuwa nakwenda kwake, tunatukanana kwa utani hadi mkewe, Bibi Skolastika, anatuletea chakula ili tunyamaze. Mwaka jana aliugua. Pikapu yake ilikaa chini ya paa bila kutembea. Alipofariki, mjukuu wake Tekla, aliyefundishwa na babu mwenyewe kuendesha, ndiye aliyeomba kumpeleka kwa pikapu hiyo akazikwe kijijini kwao, upande wa Hanga. Leseni yake ilikuwa bado inanukia upya.

Msiba wa Mngoni ukiwa na Mpogoro, Mpogoro ana kazi. Mtani huigiza marehemu, huziba njia, hudai sarafu za kikombozi, ili wafiwa wapate kupumua. Mimi sikuweza. Nilikaa nyuma ya waimba kwaya. Ndugu zake wakaanza kuulizana, "Mtani yuko wapi? Mbona msiba umepoa hivi?" Mwishowe Bibi Skolastika akanijia na ovaroli ya marehemu mkononi.

"Vaa," akasema. "Wewe utamlilia kesho."

Nikavaa. Jeneza lilikuwa limeshapakiwa kwenye pikapu, Tekla yuko kwenye usukani. Nikachukua boksi, nikatembea kwa mwendo wa Severini, mguu mmoja ukiburuta, nikapaza sauti yake: "Gari halitoki! Mbona hakuna aliyelitandikia boksi gari hili? Wavivu ninyi!" Watu wakaangua kicheko na machozi yakiwatoka. Nikalala chali chini ya pikapu, nikaanza kuguna kama yeye.

Ndipo nikaona tairi la nyuma, upande wa ndani. Limelowa. Nikagusa. Linateleza kama sabuni.

"Breki zinavuja," nikasema.

Wakacheka zaidi.

"Nasema kweli! Gari hili lisitoke!"

"Leo Mpogoro kaamua!" mtu akapiga kelele. Mwingine akarusha sarafu ikanigonga goti. "Chukua kikombozi chako, mtumwa, utupishe!" Katekista akainama akaniambia kwa upole, "Mtani, umefanya vizuri sana. Sasa tuachie njia, padre anangoja."

Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyocheka. Nikafikiria mteremko mkali uliokuwa mbele yetu kabla ya kijiji, na vijana watakaopanda nyuma kulishika jeneza. Nikatoka chini, nikaacha sauti ya Severini, nikaenda dirishani kwa Tekla.

"Mjukuu wangu, washa. Kanyaga breki, usiiachie."

Akanitazama usoni. Yeye peke yake hakucheka. Akawasha, akakanyaga. Niliona goti lake likishuka, likashuka, mpaka pedali ikagusa sakafu.

"Inazama," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo, "Leo sikuinama, babu. Nilimsahau babu Severini kwa kumlilia."

"Hujamsahau. Zima gari, ushuke."

Akashuka, akawaambia watu. Wakaacha kucheka, sarafu zimelala pale chini. Kicheko cha kwanza kilitoka kwa Bibi Skolastika.

"Mmemwona mume wangu?" akasema. "Hata jeneza lake hakubali litoke kabla gari halijakaguliwa!"

Kicheko kama kilichofuata sijawahi kukisikia msibani wala harusini. Jirani mwenye lori la mahindi akalileta. Kabla jeneza halijapakiwa, Tekla alitandika boksi, akalala chini na gauni lake la msiba, akapapasa tairi zote. Mwenye lori alisimama kando ameshika kofia kama yuko kanisani. Tulimzika Severini kabla jua halijashuka.

Wiki iliyofuata tuliifungua ile breki, mimi na Tekla. Mpira wa ndani unaozuia mafuta ulikuwa umekufa kwa gari kukaa. Yeye alitoa nati, mimi nikashika tochi. Tukaweka mpira mpya, mafuta mapya, tukatoa hewa kwenye bomba, na jioni akatandika boksi. Asubuhi nilimkuta tayari amelala chini ya pikapu, miguu tu inaonekana.

"Shikamoo," nikasikia sauti yake.

"Marahaba."

"Sijakusalimia wewe, nasalimia gari." Akatoka na boksi, akaliinua juu nilione. "Kavu kabisa, mtumwa wetu. Panda twende."

Nikapanda.