Maziwa Si Maji

Ukitaka kumkasirisha Mukandoli, mwambie anabahatisha. Mama huyu wa Juru, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, alikulia kwenye ng'ombe, milimani Kivu Kusini, ambako anayekamua sharti ajue amwachie ndama kiasi gani. Jicho lake ni kipimo, na analijua hilo.

Basi daktari wa Mbarara alipomwambia kwamba moyo wa mumewe, Natanaeli, umechoka, na kwamba mzee asinywe zaidi ya lita moja kwa siku, hakungoja kuambiwa mara mbili. Alitafuta chupa mbili za nusu lita, na kila asubuhi akazijaza maji yaliyochemshwa. Chai ya mzee ilitoka humo, dawa alimezea humo. Yakiisha yameisha, hata mzee alambe midomo namna gani.

Tusidanganyane, kazi hiyo ilimuuma. Kumnyima maji mume uliyezeeka naye si jambo dogo. Ndiyo maana kila alipomnyima maji alimletea maziwa. Alimpalilia maharage jirani yao Musoni, mwenye ng'ombe wawili, naye Musoni akamlipa maziwa. Mukandoli alimjazia Natanaeli kikombe, akakaa kumtazama akinywa, roho yake ikatulia. Jioni akamjazia kingine.

"Kunywa, Baba Isimbi, upate nguvu," alimwambia, kwa jina la binti yao wa kwanza.

Lakini miguu ya mzee ilizidi kuvimba, na kulala chali kukawa kunamkata pumzi. Hofu ikamwingia Mukandoli, hofu ya kubaki mjane ugenini. Wakapanda gari kurudi Mbarara, chupa mbili zikiwa mkobani kama mashahidi.

"Unamupatia maji ngapi, mama?" aliuliza daktari, binti wa Kinyankore mwenye sauti ya upole.

"Hizi mbili tu, dokta. Sijapitisha hata tone."

"Na maziwa?"

"Maziwa anakunywa mingi, Mungu asifiwe."

Daktari akaweka kalamu chini.

"Lakini maziwa haiko maji, dokta," Mukandoli akasema haraka. "Maziwa ni chakula!"

"Mama, kitu yote yenye inamiminika, pima. Chai, supu, uji, maziwa. Yote ndani ya hiyo lita moja."

Mzee akabadilishiwa dawa, wakarudi Juru. Nyumbani Mukandoli akakaa kwenye kigoda, machozi yakamtoka.

"Baba Isimbi, nilikuwa nakuua na mukono yangu."

Natanaeli akakuna kidevu. Alikuwa na jambo, na halikuwa rahisi kulitoa.

"Ile siku ya kwanza nilimusikia dokta bien, muzuri kabisa. Alisema vyote vya kunywa. Wewe ukashika maji tu, mimi nikanyamaza."

"Ukanyamaza? Na miguu inavimba?"

"Ulikuwa unaleta kikombe na furaha mingi. Ningekuambia nini, mama?"

Mukandoli alikuwa na haki ya kumkemea mpaka kesho, lakini hasira haikukaa. Mapenzi ya wazee wakati mwingine ni ujinga mtupu, na hawa wawili walikuwa wameyajaza mpaka yakamwagika. Akafuta pua kwa kitenge, akauliza sasa watafanya namna gani.

"Chupa moja weka maji ya dawa," mzee akasema. "Ingine weka maziwa. Chai niondolee."

Jioni ile Mukandoli akakwaruza alama katikati ya chupa ya maziwa, nusu ya jioni hiyo na nusu ya kesho asubuhi, akaanza kumimina maziwa. Mkono, kwa mazoea ya kukirimu, ukapita alama. Akashtuka, akabaki ameishikilia chupa hewani.

Natanaeli akaichukua taratibu. Akavuta kikombe cha mkewe, akamimina humo kilichozidi, akiangalia kwa jicho moja mpaka maziwa yakatua sawasawa kwenye alama.

"Yenye imepita ni yako," akasema. "Kunywa. Tangu nigonjwe unanipa na fasi yako, hata maziwa yenye ungekunywa wewe, unafikiri sioni."

Mukandoli akakishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa.