Kichwa cha Treni cha Babu

Juzi nilishuka Morogoro kwa treni ya umeme, laini, kimya, hata chai yangu haikumwagika, na nikajikuta nimenuna. Wewe niambie, treni isiyopiga kelele utaisimuliaje? Nilipofika kwenye nyumba ya babu niliingia stoo moja kwa moja, nikavuta boksi la viatu na kukitoa kichwa chetu cha treni.

Babu alikuwa Mnyamwezi aliyeletwa Morogoro na reli. Ujanani alichochea moto kwenye injini ya mvuke, na alipostaafu alibaki na hicho kidogo alichokiunda kwa kopo la maziwa ya unga na bati la debe. Magurudumu yalikuwa vifuniko vya soda. Ubavuni palikuwa na namba ya injini yake, imeandikwa kwa rangi nyeupe na dereva aliyefanya naye kazi miaka yote, rafiki yake, ambaye alikuwa ameshafariki.

Mimi, wakati huo mtoto wa shule niliyekuja likizo kwa babu, hilo sikulijali. Enzi za ruksa, bidhaa za nje ziliporuhusiwa, zilikuwa zimeingia, maduka yaliyozoea rafu tupu yakajaa vitu, na mtoto wa nyumba ya pili akaletewa treni ya plastiki ya betri, inawaka taa na kuimba. Nikaona aibu. Nikamwambia babu kuwa chetu ni cha kizamani. Hakukasirika. "Cha zamani kinatengenezwa, fundi wangu," alisema. "Lete msasa."

Likizo ile yote tulishinda uani. Asubuhi nilichota maji, nikaosha vyombo harakaharaka, kisha kazi. Tulisugua kutu mpaka vidole vikanuka bati. Spoku za baiskeli zikawa vishikio, balbu ya tochi ikawa taa ya mbele, na lehemu tuliiyeyusha kwa msumari mnene uliopashwa kwenye jiko la bibi, maharage yakisubiri zamu yao. Bibi aligomba weee, kisha akatuletea magimbi ya kuchemsha. Jirani yetu, mama wa Kiluguru aliyeuza kabichi na fyulisi kutoka Mlali, alikuwa mtani wa babu na hakupita bila neno. "Mnyamwezi, kikianza kutembea unipakilie kabichi zangu!"

Siku ya kupaka rangi babu aliitwa msibani. Aliniambia nimsubiri. Nilishindwa. Kopo la rangi nyekundu lilikuwa pale, jipya, linang'aa, nikapaka kote, namba ikiwemo. Nilidhani nampa zawadi.

Aliporudi alikigeuza ubavu, akakitazama, akakiweka chini polepole. Hakunichapa, na afadhali angenichapa. Siku tatu hakuniita fundi. Shikamoo yangu aliiitikia marahaba kavu, basi.

Siku ya nne jirani akaingia, akapata habari zote kwa bibi, akakinyakua kichwa cha treni na kukitia kwenye tenga lake la kabichi. "Nimekiteka! Mtu mzima unamnunia mtoto kwa ajili ya kopo la maziwa! Hukipati, mtani, mpaka uongee naye hapa hapa nikisikia."

Nani mwingine angethubutu? Lakini mtani hakasirikiwi. Babu alijikaza, akashindwa, akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Kisha akaita, "Fundi wangu." Nililia pale pale. Akanieleza kuwa kukwangua kungeondoa rangi zote mbili, yangu na ya rafiki yake. "Hizi rangi za ruksa hazidumu. Itabanduka yenyewe. Tungoje tu."

Tukangoja. Kila nilipokuja likizo aliniuliza, "Bado?" nami nikakikagua na kumjibu, "Bado, babu." Alifariki tukiwa bado tunangoja. Bibi akamfuata. Jirani alirudi Mlali kwa wanawe na kuzikwa huko, na pale uani tulipochomea lehemu sasa pana fremu za maduka. Nawakumbuka wote, hata ugomvi wa jikoni.

Basi juzi, nilipokuwa nakifuta vumbi kwa upindo wa kanga, magamba mekundu yakabaki kwenye kitambaa. Chini yake ikatokea saba, kisha nusu ya mbili, nyeupe, mwandiko wa mkono wa mtu nisiyewahi kumwona. Nilikuwa peke yangu stoo, lakini nilijibu kwa sauti.

"Tayari, babu."