Kengele ya Barwako

Hani binti Bare ana miaka kumi na mitano, na kazi yake ni ngamia. Mimi kwao nilikuwa mgeni tu, mzee wa kupitapita. Walinikaribisha maziwa nje ya mji wa Bura, nikakaa mpaka siku waliyohama, na haya niliyaona kwa macho yangu.

Asubuhi ile Hani aliamka kabla ya mama yake, Sadia. Akabomoa kibanda, akakunja mikeka, akafunga mitungi ya maji juu ya ngamia wa mizigo. Kile kipande cha sola cha kuchajia simu akakiweka juu kabisa, kipate jua. Mtoto yule hafanyi kazi kimya.

"Awowe," akaniambia, maana kwetu kila mzee ni babu, "wewe unatembea kama kobe aliyevaa ndara. Panda juu ukae na masufuria!"

Sadia akacheka. Bare, baba yake, hakucheka. Alikuwa amechutama akitazama nyayo za fisi zilizozunguka boma, nyingi, zimekanyagana.

"Wanamnusa Barwako," akasema.

Barwako ni ngamia jike, na mimba yake ilikuwa imefika. Wenzake wa maziwa walikufa kwa ukame. Tena Bare alikuwa ametamka mbele yangu, mgeni nikiwa shahidi: "Akizaa jike, ndama ni wa Hani." Tangu hapo binti alikuwa hapiti karibu na Barwako bila kumpapasa tumbo.

Njia yetu ilikatiza vichaka ambako watu wenye bunduki walikuwa wameswaga mifugo ya jirani. Mahali kama hapo sisi hujaza majani makavu ndani ya kengele za mbao zilizo shingoni mwa ngamia, zisilie. Hani alizijaza zote. Tukapita. Kundi zima likitembea bila sauti ni kama watu wanaosindikiza jeneza. Hata Hani alinyamaza.

Tulifika kwenye kambi mpya alasiri. Hani akaanza kuyatoa majani, ngamia mmoja baada ya mwingine. Barwako akarusha teke, akamtemea mate.

"Haya, bibi harusi, una hasira leo!"

"Mwache atulie," Bare akaita. "Njoo ukate miiba. Boma tutalifunga na nini, na maneno yako?"

"Nakuja, Aabo," akamjibu baba yake. "Huyu nitamtolea majani baadaye."

Akakata miiba mpaka mikono ikatoka damu, na ile baadaye haikufika. Ngamia akitaka kuzaa hujitenga na wenzake. Jua lilipogusa vichaka, Sadia akauliza, "Barwako yuko wapi?"

Hani akasimama, akatega sikio, kama tunavyomtafuta ngamia sisi sote, kwa kengele yake. Kisha akajishika mdomo.

"Majani," akamwambia mama yake. "Hooyo, majani bado yamo."

Tukatoka watatu: Bare na tochi, Hani na shoka lake, na mimi nyuma. Nyayo zikapotelea kwenye mawe. Tukasikiliza. Upepo tu. Halafu fisi akacheka upande wa mto, na mwingine akamjibu, karibu zaidi.

"Ya Rabbi, kengele ilie," Hani alinong'ona. "Ilie mara moja tu."

Ikalia. Lakini haikuwa sauti ya ngamia anayetembea. Ililia kwa fujo, kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi. Hani akatuacha, akakimbia akipiga ukelele. Kengele ikanyamaza kabla hajafika.

Barwako alikuwa amesimama, anatetemeka, mguu unachuruzika damu. Kengele ilikuwa imepasuka, majani yamemwagika kwa kuruka kwake. Fisi hawakwenda mbali. Macho yao yalirudisha mwanga wa tochi. Ndama alikuwa chini, bado amelowa maji ya uzazi, shingo imeng'atwa, hana pumzi.

Bare akainama, akainua mguu wa nyuma. "Jike," akasema. Basi.

Hani hakulia. Asubuhi baba yake alimchuna ndama, kwa sababu ngamia asipomnusa mwanawe hufunga maziwa. Hani akaishika ile ngozi mbele ya pua ya Barwako, akamwimbia polepole, na Sadia akakamua. Maziwa yakashuka.

Niliwaaga siku chache baadaye. Kila alasiri Hani alikuwa akipita ngamia kwa ngamia, akitikisa kila kengele kwa mkono wake. Ile ya Barwako sasa inakohoa. Ikikohoa, Barwako hugeuza shingo kuangalia vichaka, na Hani huangalia naye. Asubuhi niliyoondoka, nyayo za fisi zilikuwa zimefika kwenye miiba ya boma.