Chupa Nilizopeleka Kumuumbua Yustina

Niseme ukweli, Yustina hakunikosea lolote. Wivu ulikuwa wangu. Mimi nilichota maji ya Ziwa Tanganyika nikiwa kwenye mtumbwi ili tupime tope, yeye akaletewa picha ya setilaiti, na ofisi yetu nzima ya maji ya Mpanda ikamsifu. Kozi ya Dar ilikuwa na nafasi moja, na sote wawili tuliitaka.

Picha yake ilionyesha tope tele pale mto unapoingia ziwani. Chupa zangu za hapohapo, za siku ileile, baada ya kukaa rafuni wiki nzima, zilikuwa na maji safi kabisa. Kikaoni nikazipanga mbele ya bosi.

“Tope liko wapi, dada? Setilaiti yako imelewa!”

Watu wakacheka. Nikavimba kichwa.

Yustina akachukua chupa moja. “Kaka, ulitikisa?”

Akaitikisa. Maji yakawa kama chai ya maziwa.