Mara ya Pili, Usiruke

Nakumbuka alasiri moja ya Ilford, pembezoni mwa London, mvua nyembamba ile isiyolowesha wala kuisha, nimekaa kwenye zulia namsomea Bi Zuhura kurasa za mwisho za kitabu, naye akanikatiza: "Hapo umeruka."

Mwanangu, ngoja nianze vizuri. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Shule niliiacha mapema, si kwa uvivu wa kujua. Ni miguu tu iliyokataa kutulia. Nilipita Mombasa, nikapita Dubai, nikafika London kusafisha maofisi alfajiri, na kila mji niliuacha kabla haujanizoea. Wazee husema mtembezi hula miguu yake. Yangu nilikuwa nimeshaila mpaka magotini.

Chumba nilipanga kwa Bi Zuhura, mjane wa Kizanzibari, fundi cherehani wa zamani ambaye macho yalikuwa yamemchoka. Mimi nilimpikia, yeye alinifundisha adabu, maana alidai huko nilikotoka walisahau.

Vitabu niliokota popote: kwenye kiti cha basi, au maktaba ya mtaa ilipouza vilivyochakaa. Nilipenda vya anga na vya uchawi, hasa vile ambavyo mwanamke humpenda mwanamke, mwanamume humpenda mwanamume, na ziko sayari ambako mtu halazimiki kuwa kitu kimoja maisha yake yote. Sijui nikuelezeje raha yake. Unasoma mwezi wa tatu ukichomoza juu ya mji wa vioo, halafu chini ya mwezi huo unamkuta mtu mwenye moyo kama wako anakwenda sokoni, na hakuna anayegeuka kumshangaa. Mara ngapi nilipitiliza kituo changu, nikarudi kwa miguu huku natabasamu mwenyewe kama mwehu!

Ila nilisoma kama nilivyoishi. Nikimaliza naacha hapo hapo, nashika kingine. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Bi Zuhura aliponisikia nikicheka peke yangu alitaka na yeye asomewe. Basi nikawa nasoma Kiingereza kimoyomoyo, natoa Kiswahili mdomoni. Kilikuwa kisa cha nahodha mwanamke anayeongoza vyombo kati ya nyota, na mwanamke mwingine, mwokaji mikate, katika mji uliojengwa mgongoni mwa nyota yenye mkia. Safari ya nahodha kwake ni miezi michache. Kwa mwokaji ni miaka. Kila akirudi anamkuta mwenzake ameongeza mvi, na tanuri lina moto.

Unajua sisi mbele ya mkubwa hatutaji mapenzi. Kwa hiyo kila walipokumbatiana mimi nilikohoa, nikafunua kurasa mbili pamoja, nikawaita ndugu. Haikuwa heshima peke yake. Niliogopa Bi Zuhura akijua nami ni mwanamke wa namna yao, sina tena pa kulala.

"Sijaruka, Bibi," nilimjibu.

"Nimesikia karatasi. Kilichochoka ni macho. Na ndugu gani hawa, mmoja yuko safarini, mwenzake ananusa shali lake mwaka mzima? Mie ndugu ninao tele, sijamnusa hata mmoja."

Nikakifunga kitabu.

"Na huyu Salome anayekuja na maandazi, naye utamruka?"

Salome alikuwa Mkongo wa Bukavu, akifanya kazi ya kutunza wazee huko Peckham. Kila Jumapili alivuka London nzima kuja kuniona. Watu niliwaambia ni dada yangu wa kanisani, na mimi Mwislamu! Tena Jumamosi ile nilikuwa naondoka kwenda kazi ya hoteli Scotland, na yeye sikuwa nimemwambia.

"Bibi, nihame?"

"Nani kasema uhame? Wewe ndiye uliyefunga begi. Nimejikwaa nalo nikifagia." Akavuta kanga yake mabegani. "Nimeolewa mara mbili, mtoto. Wa kwanza nilipewa, wa pili nilimtaka. Mtu anayemngoja anayemtaka, namjua. Sasa rudi mwanzo wa kitabu, na safari hii usiwaonee haya."

"Lakini Bibi, mwisho wake tunaujua."

"Hata pilau mwisho wake naujua. Nipakulie tena."

Nikarudi mwanzo. Dirishani taa za barabara zilikuwa zimeanza kuelea kwenye maji, na mimi nikasoma taratibu, bila kukohoa penye mabusu, Bi Zuhura akiitikia "Ehee" kama anayesikiliza habari za jirani. Mara ya kwanza nilikuwa nimeona nyota tu, na vyombo, na mwendo. Mara hii nikamwona mwokaji. Unga uliokuwa kwenye nyusi zake. Jinsi alivyotenga mkate mmoja kila jioni bila kumwambia mtu ni wa nani. Alikuwepo tangu mwanzo, mwanangu, katika kila sura, nami nilikuwa nimempita kama kituo cha basi kisicho changu.

Jumamosi sikwenda Scotland. Nilipanda treni, kisha basi, mpaka kwenye maghorofa ya Peckham, nikabisha.

Salome alifungua akiwa na kitambaa kichwani. "Ni nini? Leo haiko Jumapili."

"Siyo. Leo nimekuja mimi."

Akasogea pembeni nipite. Tangu hapo kisa kile tumekisoma hata jalada limeng'oka. Yeye humkasirikia nahodha palepale, kila mara, halafu ananigeukia mimi.

Basi nasaha yangu ni hii. Vipya visome, sikukatazi; dunia ni pana na anga ni pana zaidi. Lakini kitabu kilichokupokea ulipokuwa mgeni ndani ya nafsi yako, usikisome mara moja ukakitupa. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kirudie umependa, kirudie umefiwa, kirudie mvi zikianza, na kila mara tafuta nani hukumwona. Na akiwepo mkubwa chumbani, soma kwa sauti. Pengine anangoja usikohoe.

Mwenyezi Mungu akujaalie umri wa kukiingia kitabu kimoja ukiwa watu wengi mbalimbali, na kila utakapobisha, awepo anayefurahi kukufungulia. Amina, mwanangu.