Eda Niliyoikaa kwenye Nguo Chafu

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa toroli la shuka zilizolowa, nikaonyeshwa kwa kidole mahali pa kulisukuma. Ilikuwa chini ya hoteli moja ya Lewisville, Texas, katika chumba kisicho na dirisha, na msimamizi wa ufuaji hakuniuliza jina wala nilikotoka. Sikujua Kiingereza. Sikupata kukaa darasani hata siku moja, kwetu Kongo wala katika kambi ya wakimbizi Kigoma, na ndiyo sababu mimi ninasema na mjukuu wangu Salma anaandika. Nimemwambia aandike kama anavyosikia, asipambe.

Kufua kwa mashine ni kazi yenye utaratibu, na wanaoidharau hawajaifanya. Kwanza ni kutenga: shuka peke yake, taulo peke yake, kwa kuwa taulo huacha manyoya yanayoganda kwenye shuka. Kisha huoshwa, hukamuliwa, na hukaushwa nusu tu kabla ya kupelekwa kwenye roli. Roli ni mapipa ya chuma yenye moto, yanayozunguka. Watu wawili husimama mbele yake, kila mmoja na pembe yake ya shuka, wakaiingiza ikiwa imenyooka. Shuka iliyokauka kabisa hutoka na makunyanzi. Msimamizi alijifunza kwangu neno moja la Kiswahili, akanipigia kelele nalo mwaka mzima: "Moto, mama! Moto!"

Sasa niseme nilivyofika Texas, maana bila hilo yatakayofuata hayataeleweka.

Mimi ndiye niliyekuwa bi mkubwa wa Mzee Ramadhani.

Salma ameacha kuandika. "Bibi, wait. Babu alikuwa kaka yako."

"Nimekwambia uandike."

"Daddy anajua?"

"Baba yako alikuwa mdogo. Andika."

Ramadhani alinioa nikiwa msichana. Mungu hakunipa mtoto, na ni mimi mwenyewe niliyekwenda kumposea Mwajuma, ambaye Salma anamjua kuwa nyanya yake mzaa baba. Tuliishi vizuri. Mwajuma alinyonyesha, mimi nikabeba mgongoni, na watoto wakaniita mama mkubwa. Kisha kambini ukaja uhamisho wa kwenda Marekani, na tukaambiwa kuwa mwanamume hupanda ndege na mke mmoja. Mwajuma ndiye aliyekuwa na watoto. Mume wangu alinikalisha nje ya hema akasema, "Utakuwa dada yangu mpaka tufike. Tukifika tutarekebisha."

Tulifika. Hatukurekebisha. Tuliogopa kwamba tukisema ukweli tutarudishwa sote. Tuliwafundisha watoto kuniita shangazi, kwa pipi mwanzoni na kwa kiboko baadaye, mpaka wakasahau kwamba waliwahi kuniita vingine. Kuta za nyumba zile za kupanga ni nyembamba, na watoto husema kila kitu shuleni. Kwa hiyo tangu siku tuliyofika mume wangu hakuingia tena chumbani kwangu. Aliniamkia sebuleni kama anavyoamkiwa ndugu.

Kutoka hotelini nilihamia kiwanda kimoja mjini Garland kilichofua nguo za hospitali. Huko jengo limegawanywa kwa ukuta. Mashine zimejengwa ndani ya ukuta huo na zina milango miwili: nguo huingizwa upande mchafu, hutolewa upande safi, na mtu wa huku haendi kule. Upande mchafu watu huvaa joho la plastiki, glavu nene na barakoa, kwa kuwa ndani ya shuka hutokea damu, kinyesi, na sindano iliyosahauliwa. Upande safi kuna joto na harufu ya maua, kwa sababu maji ya mwisho hutiwa manukato. Harufu hiyo huingia katika nywele na haitoki hata ukioga. Mimi nilikuwa upande safi, na nilifika huko kwa kusubiri miaka.

Nilikuwa kwenye roli Mwajuma aliponipigia simu kwamba moyo wa mume wetu umesimama.

Msibani sheikh aliuliza mjane ni yupi. Wanawake wote walimwelekea Mwajuma. Mwajuma aliinua uso. Alinitazama mimi, akangoja. Uraia wa watoto ulikuwa haujatoka. Nikanyamaza. Sheikh akamsomea masharti ya eda: miezi minne na siku kumi, asitoke pasipo haja, asijipambe, asijitie manukato. Kisha akanigeukia mimi kwa upole. "Na wewe, dada wa marehemu, ndugu haombolezwi zaidi ya siku tatu. Usijitese."

Kazini nako waliniruhusu siku tatu, za kaka.

Siku ya nne nilikwenda kwa msimamizi wa zamu, msichana wa Kikenya aliyenipenda, nikamwomba anihamishie upande mchafu.

"Mama, uko siriasi?" alisema. "Watu wanalia watolewe huko, wewe unaomba kuingia? Nani amekukosea? Niambie tu, nita-deal naye."

"Hakuna aliyenikosea."

"Basi ni nini?"

"Sitaki kunukia."

Alicheka kidogo, akaona mimi sicheki. "Haya. Lakini ukichomwa sindano usiniambie sikukuonya."

Hivyo ndivyo nilivyoikaa eda yangu. Sikuwa na chumba cha kukaa wala mtu wa kuniletea uji. Nilikuwa na joho la plastiki na shuka za wagonjwa, na kila nilipokuta shuka ya aliyekufa, ambayo huletwa katika mfuko wake peke yake, niliifungua kwa utaratibu zaidi kuliko nyingine. Nililia ndani ya barakoa, na hakuna aliyejua, kwa sababu pale macho ya kila mtu yalitoka machozi kwa ukali wa dawa za kufulia.

Jioni moja nilimpelekea Mwajuma chakula. Alinishika mkono, akaunusa mkono wa gauni langu. "Hunukii maua tena, dada," alisema. Kambini, tukiwa wake wenza, ndivyo alivyoniita; huku aliniita wifi. Tulikaa hivyo mpaka watoto walipoingia, akaniachia mkono.

Muda ulipotimia, wanawake walimtoa Mwajuma eda. Walimwosha, wakamvika nguo mpya, wakamtia hina. Mmoja akaniita, "Wifi mtu, lete chetezo cha udi." Nilikileta. Nilikishika wakati akifukizwa, nikigeuza uso ili moshi usinifikie, kisha nikakumbuka kwamba hata mimi muda wangu umetimia, na kwamba hakuna atakayenifukiza.

Baba yake Salma alipopata kazi Houston alitujengea vyumba katika nyumba yake huko Katy, kando ya Houston. Nilifua katika kiwanda kingine huko mpaka vidole vikakataa kukunjuka. Siku ya mwisho meneja alinipa keki na taulo aliloliita jipya, akasema kampuni inanithamini. Taulo lile lilikuwa limechanganywa na shuka kwenye kufuliwa. Nililijua kwa kulishika: manyoya yake yalikuwa yamepungua.

Vijana huniuliza kazi ilinipa nini. Ilinipa mahali pa kuwa mjane, na hapana pengine popote niliposikia jina hilo likiniangukia.

Nilitaka haya yaandikwe zamani, Mwajuma akiwa shahidi. Nilichelewa. Ugonjwa wa kusahau umemkamata mapema kuliko mimi. Jana, Salma akiwepo, nilimkalia karibu, nikamwambia, "Mwajuma, mweleze mtoto mimi nilikuwa nani kwa Ramadhani."

Alinitazama kwa furaha. Uso wake hauna uongo wowote siku hizi.

"Si dada yake?" alisema. "Wifi yangu kipenzi. Hivi kaka yako anarudi saa ngapi?"

Salma alinitazama. Nilimfunika Mwajuma miguu.

"Yuko zamu," nikamjibu. "Lala."